Msiuze Msitu kwa Kangomba!

Amka, ndugu yangu wa Masasi! Amka, dada yangu wa Newala! Wewe unayeusikia msumeno ukilia bondeni na kunyamaza, wewe unayeuona moshi ukipanda upande wa Ruvuma na kugeuza uso, wewe unayeujua mpaka wa msitu wa kijiji chako na hujawahi kuuandika popote: neno hili ni lako, na ni la leo!

Usiniambie hujui. Unajua. Unajua tangu zamani. Unajua, na bado unangoja.

Unaijua kangomba. Nani akufundishe kangomba wewe? Mkorosho bado una maua, ada ya mtoto inadaiwa, salfa haijalipiwa, mahindi yamekwisha ndani. Anakuja mtu mwenye fedha taslimu na bakuli lake. Anapima kwa kipimo chake, anataja bei yake, anaondoka na msimu wako. Oktoba minada inafunguliwa, wenzako wametega masikio wasikie bei ya siku, na wewe unaokota korosho chini ya mkorosho wako mwenyewe ili umpelekee mwenye nazo!

Ulilia siku ile. Ukaapa. Ukasema haitatokea tena.

Basi sikiliza! Inakuja kangomba nyingine. Hii haibebi bakuli, inabeba karatasi. Hainunui gunia, inanunua hewa. Haichukui msimu mmoja, inachukua miaka 30, miaka 40, ujana mzima wa huyo mtoto uliyembeba mgongoni.

Hewa gani? Mti uliosimama umeshika kaboni. Ukate, uchome, na ile kaboni inapanda angani kuwa hewa ya ukaa, inayozidi kuipasha dunia joto na kuvuruga majira ya mvua. Zuia moto ule, na kuna tani ambazo hazikupanda. Tani hizo leo zina hesabu, zina hati, zina mnunuzi. Na usidhani mnunuzi ni kampuni peke yake. Mnunuzi ni nchi!

Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, katika Ibara ya 6, uliruhusu nchi mbili kukaa, kukubaliana na kugawana upunguzaji wa hewa chafu. Kanuni zake zilipitishwa Glasgow mwaka 2021. Nchi tajiri imeahidi kupunguza moshi wake; kupunguza kwake nyumbani ni ghali; basi inatoa fedha au mitambo kwa nchi nyingine, kisha inachukua sehemu ya zile tani na kuziandika kwenye daftari lake. Ndiyo biashara yenyewe. Haina uchawi ndani yake.

Utasema ni mambo ya mbali. Si ya mbali! Japani ilianza mpango wake wa namna hii mwaka 2013, na miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kutia saini ni Ethiopia na Kenya. Tanzania nayo imeingia mwaka 2025. Uswisi imekwisha kukubaliana na Ghana, na Malawi, na Kenya. Watu wanasaini, watu wanagawana, watu wanaandika. Na wewe unasema bado!

Katika mpango wa Japani, serikali yao inaweza kubeba hadi nusu ya gharama za mtambo, nayo inatarajia angalau nusu ya hati za kaboni. Juu ya yote inakaa kamati ya pamoja ya serikali mbili. Sasa nijibu kwa moyo mweupe: katika kamati hiyo kuna kiti cha Lulindi? Kuna kiti cha Kitangari? Kuna kiti cha Lupaso? Hakuna! Kiti chako kiko kijijini. Kiko kwenye mkutano mkuu, kwenye muhtasari, kwenye mkataba. Usipokikalia hapo, hutakikalia popote!

Wala sikuhubirii kwamba mipango hii ni mibaya. La! Ingekuwa mibaya, ningekuambia ukimbie, na kazi ingekwisha. Nakuambia ni jambo lenye heri kubwa kwa aliye tayari na hasara kubwa kwa aliyelala.

Tazama maji ya Newala. Nani kusini hii asiyeijua kiu ya Newala? Mchanga wa uwandani hunywa mvua yote, mto wa kuchota hakuna. Mama zetu waliteremka ukingo kwa mteremko unaotetemesha magoti na kupanda tena na ndoo kichwani. Hata leo maji yanasukumwa kutoka visima vya Mitema hadi juu, na kila ndoo inayofika imekula umeme njiani. Pampu zinazosukumwa kwa jua! Viwanda vya kubangulia korosho visivyoteketeza kuni! Majiko yanayomwondoa mama kwenye moshi! Hayo hasa ndiyo mambo ambayo makubaliano ya nchi mbili huyagharamia. Kiwanda cha chumvi huko Kenya kilifungiwa umeme wa jua chini ya mpango wa Japani. Chumvi, ndugu yangu! Kwa nini isiwe korosho? Kwa nini isiwe maji?

Lakini hayaji kwa anayengoja. Halmashauri isiyopeleka andiko haipati. Ushirika usiojua unateketeza kuni kiasi gani haupati. Kijiji kisicho na mpaka ulioandikwa hakipati, na kikipata, kimepata cha kupewa.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapotelea.

Gunia lako likipokelewa ghalani, likipimwa, likiandikiwa stakabadhi, likauzwa mnadani, unaweza kurudi kesho ukasema bado ni lako? Huwezi. Limekwenda. Na tani ya kaboni ikiuzwa kwa nchi nyingine imekwenda vivyo hivyo. Tanzania inaifuta kwenye hesabu yake, mnunuzi anaiandika kwenye hesabu yake. Haiandikwi mara mbili!

Na Tanzania ina deni lake la ahadi. Mwaka 2021 iliiambia dunia kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza kati ya asilimia 30 na 35 ya hewa chafu ambayo ingetoka kama mambo yangeachwa yaende yenyewe. Tukiuza zile tani rahisi, tani za msitu uliosimama, tani za jiko la mkaa, tani ambazo hata sisi tungezipunguza kwa fedha kidogo, tutabaki na nini cha kutimizia ahadi? Tutabaki na tani ngumu. Tutabaki na tani ghali. Tutabaki tunanunua tulichouza!

Kwa hiyo bei ndogo si bei ndogo tu. Ni hasara ya kijiji leo na ya taifa kesho. Mwenye kuharakisha kuuza bila kuuliza tani ngapi zinatoka, ngapi zinabaki na kwa shilingi ngapi, huyo ameshawekewa bakuli mbele yake.

Na wewe si mtu wa kuonewa kwenye bei! Kumbuka Oktoba 2018. Wanunuzi walitaja bei mnadani, nanyi mkakataa. Wakulima wa Mtwara mlikataa! Serikali ikasimama, na tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba korosho zitanunuliwa kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kisha wakapita wahakiki: shamba lako liko wapi? Ekari ngapi? Mikorosho mingapi? Mwenye jibu alijibu. Asiye na jibu, aliyekuwa na korosho bila shamba, akashikwa kwa neno la kangomba.

Wahakiki wa kaboni nao watakuja. Watakuja na ramani za setilaiti, na kanda za kupimia unene wa miti, na maswali yale yale. Utawajibu nini?

Kusini imewahi kuona mipango mikubwa ambayo wenye nchi hawakuulizwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao wa karanga, na Nachingwea hapo jirani ikafyekwa kwa mashine. Reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, pauni milioni 36 za Uingereza zikateketea, na mwaka 1951 mradi ukatupwa. Miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Pori likafyekwa, karanga hazikuja, treni ikaondoka. Je, hilo halitoshi kukuamsha?

Kisha kumbuka jambo jingine, la karibu zaidi na la heri zaidi. Aprili 2008 Tanzania na Norway zilikubaliana ushirikiano wa mabadiliko ya tabianchi: kroni milioni 500 kwa miaka mitano. Sehemu ya fedha hizo ilifika Lindi. Vijiji vilivyofanya kazi na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, vilikaa, vikapanga matumizi ya ardhi yao, vikatunga sheria ndogo, na malipo ya majaribio yakagawanywa hadharani, mwanakijiji akapokea mkononi mwake. Mkononi mwake! Si kwa hadithi, si kwa ahadi, si kwa bango la barabarani.

Fedha za Norway zilikwisha. Ndiyo, zilikwisha, na soko la kaboni lilikuwa baya miaka ile, na wengi walivunjika moyo. Lakini mipaka iliyopimwa imebaki imepimwa. Na Kilwa, ambako vijiji viliusimamia mpingo wao na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, cha FSC, walijifunza kwamba msitu ulioandikwa unauzwa kwa bei ya mwenye msitu. Kilwa ni mbali? Basi lako la Dar es Salaam linapita Nangurukuru!

Nenda hata Katavi kwa mawazo yako. Wilaya ya Tanganyika, vijiji 8 vinavyolinda misitu ya milima ya Ntakata vimepokea mabilioni ya shilingi kwa kaboni, vikajenga zahanati, vikajenga madarasa. Ni wakulima kama wewe. Wanakula ugali kama wewe. Wana mtendaji na mwenyekiti kama wako. Tofauti ni kwamba wao walianza.

Na upande wa pili wa jambo, usisahau Februari 2023. Kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilitangaza makubaliano ya awali na Tanzania juu ya takriban hekta milioni 8 za misitu, kwa hesabu hizi hizi za Ibara ya 6. Hekta milioni 8! Mwaka huo huo ilitaja mamilioni mengine Zambia na Zimbabwe. Makubaliano ya awali si mkataba, na sitakutisha kwa lisilokuwepo. Lakini pima ukubwa wa bakuli hilo, kisha ujiulize kama kijiji chako kina karatasi hata moja ya kuweka mezani.

Sasa nakugeukia wewe mwenyewe. Usimlaumu mgeni peke yake!

Nani anaukata msitu wa Masasi? Ni ufuta. Unafyeka pori jipya, unachoma, unapanda ufuta. Mwaka wa kwanza unakuchekea, wa pili unapungua, wa tatu majani yanakushinda, unahamia pori jingine na panga begani. Ni mkaa, gunia juu ya gunia kando ya barabara kuu inayopita Ndanda. Ni moto unaowashwa Septemba na mtu ambaye hatajwi kamwe, ingawa kijiji kizima kinamjua! Kwa hesabu za serikali yenyewe, nchi hii imekuwa ikipoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Kila mwaka! Uwanda wa Newala umebaki na mikorosho na vichaka, ukingo wake umechimbika makorongo yanayosogelea nyumba za watu. Kilichobaki cha kuitwa msitu kiko miteremkoni, kiko Masasi bondeni, kiko kuelekea Ruvuma. Kikiisha hicho, hakuna hati, hakuna tani, hakuna mazungumzo.

Huwezi kuuza ulichokichoma!

Na wala huwezi kudanganya ukadumu. Unakumbuka walioweka mawe kwenye magunia ya korosho? Walipata kilo mbili tatu za uongo, na wanunuzi wakatushuku sote. Kaboni nayo ina mawe yake. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza miradi ya majiko sanifu katika nchi mbalimbali na kukuta kwamba upunguzaji ulikuwa umehesabiwa karibu mara 9 zaidi ya uliokuwepo. Majiko yaligawiwa, kina mama wakarudi kwenye mafiga, hati zikaendelea kuuzwa. Dunia ikashtuka. Kwa hiyo akija mtu kukuambia, «Tuandike miti mingi zaidi, nani atajua?», mfukuze! Huyo hakuongezei bei, anakuharibia soko, na jina litakaloharibika ni la kijiji chako.

Utasema: nina njaa leo, na msitu unalipa kesho.

Hilo nalisikia, nami silipuuzi. Njaa ya Februari haina subira, na mwenye kuhubiri kwa aliyeshiba hajahubiri. Lakini jibu la njaa ya leo si kuuza miaka 40! Dai malipo ya awali yaandikwe kwenye mkataba. Dai ajira ya doria iende kwa vijana wa kijiji, dai mbegu za ufuta na mbaazi kwa shamba la kudumu ili mtu aache kuhamahama na panga. Wenzako wa Wilaya ya Tanganyika hawakula kaboni siku ya kwanza. Walilima huku wakilinda.

Utasema: tungoje serikali. Serikali imekwisha kusema! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni ya 1999. Sheria ya Misitu inayokuruhusu kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji ni ya 2002. Kanuni za biashara ya kaboni ni za 2022, zikarekebishwa 2023. Kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine. Mradi usiosajiliwa si mradi. Anayekukwepesha usajili anakwepa macho. Ni sheria gani nyingine unayoingoja?

Utasema: hayo ni ya wasomi. Nani alikuwa msomi siku ulipoikataa bei ya korosho? Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mkutanoni, uulizwe maswali mpaka jua lizame. Nani anapokea fedha kabla ya sisi? Tani zetu zinaandikwa kwa jina la nchi gani? Moto ukija kutoka kijiji cha jirani, hasara ni ya nani? Bei ya dunia ikipanda mwaka wa kumi, sisi tunapanda nayo au tunabaki chini? Nikifa, mwanangu anaweza kutoka? Mwenye nia njema atajibu. Mwenye bakuli atakuambia una haraka gani, mambo haya ni ya kitaalamu, weka dole gumba hapa.

Usiweke! Usiweke kwa posho ya kikao, usiweke kwa pikipiki ya mwenyekiti, usiweke kwa sababu bwana mkubwa amekuja na gari jeupe!

Na wewe mwenyekiti, nawe ndugu mtendaji, neno hili lina fungu lenu. Mnajua mpaka wenu na kijiji jirani una mgogoro usiosuluhishwa. Mnajua mpango wa matumizi bora ya ardhi ulizungumzwa, ukasifiwa, ukafungiwa kabatini. Mnajua fedha za kijiji hazijasomwa kwa wenye kijiji. Mradi wowote wa kaboni ukiwakuta hivyo, utagawanya watu kabla haujagawa senti. Someni mapato! Tembeeni mpaka! Kaeni na jirani mkiwa bado mnasalimiana!

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, na ninyi mnajua ni lini ulifanyika mara ya mwisho.

Mikorosho inachanua kati ya Juni na Agosti, na panga za ufuta zinanolewa baada ya hapo. Kati ya ua na panga kuna wiki chache. Basi ondoka sasa, gazeti hili likiwa bado mkononi. Nenda kwa mtendaji. Mwambie unataka mpaka wa msitu upimwe, uingizwe kwenye ramani na upitishwe na watu kwa kunyoosha mikono, kabla hajafika mgeni yeyote mwenye karatasi. Chukua wawili wafuatane nawe, na mmoja awe mwanamke, maana yeye ndiye anayejua kuni ziko umbali gani mwaka huu. Akikuambia ajenda zimejaa, msiondoke mpaka mmwone akiiandika yenu kwa mkono wake, ya kwanza, juu ya zote!